Hesabu Nyuma ya Ubao

Shule yetu ilikuwa ghala la pareto kabla haijawa shule, na wavulana wa sekondari ya serikali kule mjini Mbeya hawakutuacha tusahau. Tukipita na sare zetu za kijani walipiga chafya kwa makusudi, kana kwamba vumbi la pareto limewaingia puani, wakatuita wasichana wa ghalani. Waache wapige. Sisi tuliokosa nafasi za serikali, tuliosomeshwa kwa viazi na maziwa ya wazazi wetu, tulitoka Uyole, Igawilo na Iduda kwa miguu kila asubuhi, umande hadi magotini, na kengele ikilia tumeshakaa. Nasema leo kama nilivyokuwa tayari kusema wakati ule: sijaona shule iliyosoma kama ile.

Mwaka huo, 1976, tulikuwa kidato cha pili, na juu yetu hapakuwa na darasa lingine. Ili kidato cha tatu kifunguliwe, tena cha sayansi, mkaguzi wa wizara alipaswa kuja, aone somo likifundishwa, aridhike. Asiporidhika tunarudi nyumbani, na kurudi nyumbani kulikuwa na maana moja tu kwa msichana. Kalista, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshaletewa posa, na baba yake aliirudisha kwa kusema mtoto bado anasoma. Hilo "bado" ndilo lililokuwa limetushikilia sote.

Hesabu na fizikia tulifundishwa na Mwalimu Juliana, Mhehe wa Iringa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alikuwa ameolewa na Edmund, kijana wa Kinyakyusa aliyefanya kazi shamba la utafiti la Uyole. Baba yake Edmund, Mzee Mwakalinga, ndiye aliyetoa ghala lake liwe shule, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Hapo ndipo palipokuwa na shughuli.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mke akimsikia mzee anakuja, huingia migombani. Wakikutana ghafla hujifunika khanga na kugeuka. Hawaamkiani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Juliana hakuzaliwa na mila hiyo, lakini aliikuta alikoolewa na akaishika kuliko wenyewe. Ni heshima, na heshima haina likizo.

Sasa fikiria. Tulipokosa mwalimu wa hesabu, Mzee Mwakalinga mwenyewe alisimama kikaoni akasema, "Mke wa Edmund amelisomea hilo," na kamati nzima, watu wazima wenye makoti yao, ikapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka. Walikuja kukumbuka siku mwenyekiti alipokuja kutazama paa linalovuja, na mwalimu akaruka nje kupitia dirishani, chaki yake mkononi.

Tangu hapo tuliwekeana zamu. Aliyekaa dirisha la barabarani akiiona kofia ya mzee, aliimba pambio, na Mwalimu Juliana akahamia kwenye stoo ya majembe, nyuma ya ukuta wa mbao, akaendelea kufundisha akiwa huko. Hatukumwona, naye hakuuona ubao. Ilitubidi tumweleze kila mstari tunaouchora.

"Damari, umechora nini?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Pembetatu, Mwalimu."

"Pembetatu ziko nyingi kama kuku. Yako ikoje?"

Ukieleza ovyo, alikuwa hakusogezi mbele hata hatua. Tulinung'unika sana. Lakini baada ya miezi kadhaa ya kufundishwa kupitia ukuta, hapakuwa na msichana mle darasani aliyeweza kusema jambo asilolielewa.

Mkaguzi alikuja mwezi wa sita, siku ya jua kali na upepo wa baridi. Mkuu wetu wa shule, Bibi Marta, alikuwa amepanga aonyeshwe somo la Siasa, lenye mwalimu asiye na matatizo. Mkaguzi akakataa.

"Siasa naijua," alisema. "Mnaomba mchepuo wa sayansi, basi nionyesheni hesabu. Mwenyekiti naye akae humo humo, tumalize leo."

Aliyekuwa zamu hana lawama. Yeye alikuwa akingojea kofia. Mzee alikuja amepanda Landrova ya wizara, kofia kaipakata. Tulishtukia mlango umefunguliwa.

Mwalimu Juliana akavuta khanga kichwani na kujitupa nyuma ya ubao. Ulikuwa ubao wa miguu, kwa hiyo viatu vyake vilionekana chini. Mzee Mwakalinga, aliyekuwa mguu mmoja ndani, akageuza uso akaanza kutazama malori barabarani kana kwamba hajawahi kuona lori.

"Huyu mwalimu ana nini?" mkaguzi aliuliza.

"Ni mila, ndugu mkaguzi," alisema Bibi Marta, jasho linamtoka licha ya baridi ile. "Mzee ni baba mkwe wake."

"Taifa linataka wanasayansi, na mwalimu wa sayansi anajificha kama mwari? Mimi nitaandika nini?" Akafunga kalamu yake. Nilikiona kifuniko kikiingia, nikamwona Kalista akiinamisha kichwa, na nikashikwa na hasira ambayo sijui hata leo iliishia wapi. Nilitamani kumrushia mtu yule kifutio.

Mzee ndiye aliyesema. Hakuigeuza shingo. "Mimi mule siingii. Yumo mke wa mwanangu. Nipeni hicho kiti." Akakichukua, akakiweka nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti. "Macho ndiyo yenye mwiko. Masikio hayana. Wewe ingia, ndugu yangu, mimi nasikia."

Mkaguzi akaingia, akakaa. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ubao, ile ile ya siku zote.

"Damari. Mlingoti wa bendera una urefu gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Utajuaje bila kuupanda?"

Nilisimama. Nikachukua chaki. Nikachora mlingoti na kivuli chake, kando yake kijiti na kivuli chake, nikieleza kila mstari huku naandika. Yeye nyuma ya ubao akawa anauliza, "Kwa nini pembe hizo ni sawa?" Kalista akajibu kwamba jua ni lile lile na saa ni ile ile. Darasa likachangamka, tukasahau kuna mgeni.

"Wamekariri," alisema mkaguzi. "Nendeni nje mkaupime kweli."

Tukatoka mimi, Kalista na Ng'washi, msichana wa Kisukuma kutoka Usangu aliyekaa kwa shangazi yake ili asome. Rula tulikuwa nayo, lakini kivuli cha rula ni kifupi mno. Tulihitaji kitu kirefu kilichonyooka. Kilikuwapo kimoja tu. Ng'washi akapiga magoti mbele ya Mzee Mwakalinga, kama walivyomlea kwao, akaiomba fimbo.

"Nitashika mwenyewe," alisema mzee, akiinuka. "Nyie mna kazi."

Akaisimamisha juani mbele ya darasa, mikono yote miwili. Sauti ikatoka dirishani: "Mwambieni anayeshika asiiinamishe."

Bibi Marta akashika kifua. Hakuna aliyewahi kusikia mke akimpa baba mkwe amri, hata ya kupitia kwa watoto. Mzee akaitazama fimbo. Kweli ilikuwa imelala kidogo. Akaisimamisha vizuri.

"Mwambieni anayefundisha," alisema, "sasa imenyooka."

Tukapima, tukapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi, nikalitaja jibu kwa nguvu ili lifike nyuma ya ubao. Mkaguzi akafungua kamba ya bendera, akaipima mwenyewe, maana kamba hupanda na kushuka, na nusu yake ndiyo urefu wa mlingoti. Jibu letu lilizidi kwa shubiri nzima.

"Mmekosea," alisema, na nadhani alifurahi.

"Ng'washi," ilisema sauti, bila haraka. "Kwa nini tumezidi?"

Ng'washi, ambaye kwa kawaida hakusema hadi ashikwe mkono, aliutazama uwanja. "Fimbo ilisimama pa tambarare, Mwalimu. Kule kwenye mlingoti uwanja unateremka. Kivuli kimelala kwenye mteremko, ndiyo maana kimerefuka."

Mkaguzi akaenda kusimama kwenye mteremko ule. Akatazama juu, akatazama chini. Akamrudishia Ng'washi swali kwa Kiingereza, na Ng'washi akajibu kwa Kiingereza chetu cha ghalani, kigumu lakini chenye ukweli wote ndani. Yule bwana akafungua kalamu.

"Kidato cha tatu, sayansi," alisema. "Januari mtaanza."

Kalista alikaa chini pale pale kwenye vumbi, sare na yote. Mimi nilijivuna, tena waziwazi. Nilitamani wale wapiga chafya wangekuwapo wote, wamepangwa mstari.

Landrova ilipoondoka, Mzee Mwakalinga aliniita. Alikuwa bado ameligeuzia dirisha mgongo.

"Binti, kamwambie mama aliye ndani, ndaga fijo, asante sana. Mwambie nilidhani nimetoa ghala tu. Sikujua nimetoa nini."

Mwalimu alikuwa amesikia kila neno, lakini ujumbe ni ujumbe. Nikaingia, nikaufikisha. Alikuwa bado nyuma ya ubao, khanga imelowa machoni.

"Mwambie baba nimepokea," alisema.

Nikatoka, nikamwambia mzee. Akaitikia kwa kichwa, akaiegemeza fimbo yake ukutani. "Hii ibaki. Imekuwa ya somo." Akashika njia ya kuteremkia barabarani.

Niliporudi ndani, Mwalimu Juliana hakusogea dirishani. Hata mgongo wa mzee hakutaka kuuangalia.

"Anaondoka?"

"Ndiyo, Mwalimu. Fimbo ameiacha."

"Anatembeaje?"

Nilijua namna ya kumjibu, alikuwa amenifundisha mwenyewe. Nikasimama dirishani, nikatazama sawasawa.

"Polepole, Mwalimu. Kichwa kiko juu. Anamsimamisha kila anayekutana naye, anamwonyesha shule kwa kunyoosha mkono nyuma. Ila yeye mwenyewe hageuki."