Kata Moja ya Msambweni

Naanza kwa jina la Mola aliyetupa pumzi kabla ya kutupa miguu, na rehema zimshukie Mtume wake na waliomfuata. Ama baada ya hayo, nitawataja watu wa Chama cha Riadha cha Msambweni kwa daraja zao. Wa kwanza ni Mwalimu Boga, mwasisi wetu, aliyetusomesha Kurani alfajiri na kutukimbiza jioni. Wa pili ni Sefu, mwana wa Msambweni, mwenye mbio ndefu. Wa tatu ni Mwero, Mduruma wa Samburu, bara kavu nyuma ya pwani yetu, aliyekuja Ramisi kukata miwa, naye hakuwa Mwislamu. Mimi nilikuwa mchukua mtungi.

Chama kilikuwa na ada moja. Kabla ya mashindano, maji yalitekwa kwa kata moja ya kifuu, ikapita mkono kwa mkono. Aliye mbele yako asipokunywa, nawe hunywi. Boga aliiweka ada hiyo ili mtu wa dini hii na wa dini ile wasitengane.

Mwaka wa pili wa uhuru mashindano yalipangwa Samburu, adhuhuri, katikati ya Ramadhani. Jua la huko halina upepo wa pwani. Jumwa, mamake Mwero, alikuwa amekuja kumtazama mwanawe.

"Sefu," alisema Boga, "wewe ni msafiri. Mungu amekupa ruksa. Kunywa."

"Ruksa si amri, Mwalimu. Nimeamka na nia yangu."

Nikampa Mwero kata ikiwa imejaa. Mwero akaitazama, akanirudishia.

"Wewe hukufunga, bwana! Kunywa!" Boga alifoka.

"Haijapita kwa Sefu."

"Acha ujinga, Mwero," alisema Sefu. "Mdomo wako si wangu."

"Basi kunywa wewe, nami nitakunywa."

Sefu akaenda kwenye mstari. Filimbi ikalia.

Watu walitucheka toka mzunguko wa kwanza. "Hao ni watu wa nazi! Watayeyuka kama tui!" Hawakuyeyuka. Mwero alishika mbele, Sefu nyuma yake, na wenyeji wakaacha kucheka. Lakini mzunguko wa mwisho nilimwona Mwero akipepesuka. Jasho lilikuwa limemkauka. Akapiga hatua za mlevi, kisha akaanguka kifudifudi mchangani.

Njia ya ushindi ilikuwa wazi kwa Sefu. Alipita hatua chache, akageuka, akarudi mbio. Nilifika na mtungi, Jumwa nyuma yangu akipiga kelele.

"Mwanangu! Kunywa, mwanangu!"

Sefu alimpakata, akamwekea kata mdomoni. Meno yalikuwa yamekazana. Maji yakamwagika kidevuni. Macho yalikuwa yakienda juu. Midomo ikatikisika, na sote tukamsikia: "Sefu... kwanza."

"Wewe ni mwendawazimu!" Sefu alilia. Mkimbiaji wa wenyeji akatupita.

Boga akapiga magoti. "Mwanangu, ulisema ruksa si amri. Sasa ni amri. Hii ni roho ya mtu."

Sefu akasema bismillahi, akanywa mafunda mawili mbele ya macho yote. Mwero alimwona. Taya zikalegea. Akanywa kidogo, akatapika, akanywa tena. Jumwa akakaa chini, mkono wake juu ya kichwa cha Sefu.

Mwero alipona, chama hakikupona. Huku Msambweni walisema Sefu ameuza saumu yake kwa mbio, na Boga alipowatolea hoja za sheria, walimsikiliza wakifunga viatu waondoke. Kule Samburu jamaa za Mwero walisema, "Nusura mtoto wetu afe kwa adabu za watu wengine." Kila upande ukaita vijana wake nyumbani. Mvua zilipokuja, mwenye shamba tulilokuwa tukikimbilia alipanda mikorosho kiwanjani kwetu, wala hakuna aliyemzuia.

Baada ya Idi, Sefu alilipa saumu ya siku ile. Magharibi nilimkuta barazani kwake na Mwero, aliyekuwa amerudi kutoka kwao akashinda naye bila chakula wala maji. Adhana ilipolia kata ikapita, Sefu kwanza, kisha Mwero, kisha ikanifikia.

Boga na Sefu wametangulia. Ewe Mola, wanawirishie makaburi yao. Na sisi tuliobaki, mimi na Mwero, na watoto wetu wa pwani na wa bara kavu, tupe afya, utupe subira ya kungojana, wala usituondolee wa kutupokeza maji. Amina.