Ukiuliza, Nyamaza

Kuuliza ndiyo iliyokuwa kazi ya Mama Kasuku, na aliiweza hasa. Alikuwa msaidizi katika utafiti wa vijana wanaojidhuru, wale wanaoumiza miili yao makusudi kwa sababu ndani mna maumivu yaliyokosa pa kutokea. Alizunguka shule hadi shule, akapewa chumba chochote kilichobaki, mara nyingi stoo ya vifaa vya michezo, na humo, kati ya mipira iliyoishiwa pumzi, alipanga viti viwili. Viti havikutazamana. Vilikaa ubavu kwa ubavu kama vya abiria, maana kijana husema zaidi asipokodolewa macho. Mlango uliachwa wazi kidogo. Kisha aliuliza bila kuzunguka mbuyu wala kushusha sauti:

"Je, unafikiria kujidhuru?"

Akishauliza, alinyamaza. Sehemu hiyo ndiyo iliyowatoa jasho watafiti wapya. "Ukiuliza, nyamaza," aliwaambia. "Usimsaidie kujibu. Usikohoe, usichezee kalamu. Kimya hicho si chako, ni chake."

Alipoanza kazi hii alifanyia mazoezi nyumbani, jikoni, na viti viwili vya mezani ubavu kwa ubavu. Aliliuliza birika kama linafikiria kujidhuru, akanyamaza akilisubiri, na binti yake akacheka mpaka akakaa sakafuni. Wakati huo binti alikuwa bado anacheka.

Binti huyo ndiye Kasuku mwenyewe. Jina hilo alipewa kwa sababu alisema kabla ya kutembea, na akishaanza kusema hakuna aliyejua pa kumzimia. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu muhula uanze maneno yake yote yangeenea kwenye kiganja: nimeshiba, sijambo, hakuna kitu. Chakula alikwenda kulia chumbani. Bafuni alijifungia mpaka maji ya ndoo yanapoa. Na lile sweta! Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa, watu wanajipepea kwa mifuniko ya sufuria, na mtoto yuko ndani ya sweta lenye mikono mirefu, ameivuta hadi kwenye vidole.

Waliotutangulia walisema mganga hajigangi. Wangemwona Mama Kasuku wangelisema kwa kipaza sauti. Ishara zile alikuwa akizisomesha mbele ya walimu wakuu, moja baada ya nyingine, na nyumbani zilimkalia mezani akazipakulia ugali. Alimpigia simu mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu. Mume akasema, "Ndio ukubwa huo, mwache," na simu ikakatika njiani huko alikokuwa.

Mara ngapi alisimama nje ya mlango wa Kasuku na swali mdomoni! Akauliza kama nguo za kufua zipo. Aliogopa, na alijua anachokiogopa: asipouliza, sweta litabaki kuwa sweta. Akiuliza na jibu likawa ndiyo, atakuwa mama wa aina gani, yeye anayelipwa kuwaona watoto wa wenzake?

Basi badala ya kuuliza akaficha. Alikusanya kila chenye makali na kila dawa iliyokuwamo nyumbani, hata mkasi wa kushonea na dawa ya kikohozi, akavitia kwenye sanduku kuukuu na kulisukumia uvunguni mwa kitanda chake. Kufuli lake lilikwisha kufa siku nyingi. Kasuku alipouliza kisu kiko wapi, alijibu kwamba kimepelekwa kunolewa. Kunolewa huko hakukuisha. Mkate ulikatwa kwa kijiko, nyanya zikapondwa kwa ngumi. Usingizi ulimhama. Usiku alitega sikio ukutani, asubuhi akafungulia bomba la bafuni ili alie bila kusikika, kisha akanawa uso na kwenda kuwauliza watoto wa watu.

Siku moja kulikuwa na kikao cha wazazi katika shule moja. Baba mmoja, fundi seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, alinyanyua mkono.

"Samahani, mama. Ukimuuliza mtoto habari hizo, si ndiyo unamtia wazo kichwani? Hakuwa nalo, sasa analo."

Swali hilo aliulizwa katika kila kikao, na jibu alilijua kama njia ya chooni kwake. "Hapana, baba," alisema. "Watafiti wamelichunguza jambo hilo mara nyingi. Swali halimtii mtoto wazo. Kama wazo halipo, atakushangaa tu. Kama lipo, utakuwa umempunguzia upweke. Kinachomuumiza ni kutoulizwa."

"Na wewe wako ulimuuliza?"

Ukumbi ulicheka. Fundi hakuwa na ubaya, alitaka tu mfano wa kuondoka nao. Mama Kasuku alicheka pamoja nao, akanywa maji, akasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha.

Nje, muuguzi wa utafiti alimshika mkono. Huyu ndiye aliyepigiwa simu kila kijana alipojibu ndiyo, mwanamke mpana, mwenye utani hata mbele ya mkurugenzi. "Dada, umekonda mpaka saa inakuvuka kiwiko," alisema. "Nyumbani kuna nini?"

"Kazi tu."

"Kazi tunafanya wote, na mimi mbona sipungui?"

Alicheka tena, akaaga haraka. Njiani kuelekea nyumbani neno la fundi lilimwandama. Akaanza kutembea upesi, halafu upesi zaidi, bila kujua kwa nini leo kuliko jana. Alipofika alikuwa anahema. Viatu vya shule vilikuwa mlangoni.

"Kasuku!"

Jikoni hakuna mtu. Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa, akausukuma kwa bega kwa nguvu zote, kumbe haukuwa umetiwa komeo. Nusura aangukie ndani ya ndoo. Hamna mtu. Chumbani kwa Kasuku kitanda kimetandikwa vizuri, vizuri mno, na utaratibu ule ulimtia baridi. "Kasuku!" aliita tena, na sauti yake hakuitambua.

"Niko huku."

Sauti ilitoka chumbani kwake mwenyewe. Kasuku alikuwa ameketi sakafuni na sweta lake, na mbele yake lile sanduku, limefunguliwa. Visu, mkasi na vidonge vilikuwa ndani, vyote.

Alichotaka ni kuruka, kumnyang'anya sanduku, kumkunja mkono, kumvua sweta. Yote hayo aliwakataza wazazi kila wiki. Hakufanya hata moja, si kwa busara, bali mwili ulikataa.

"Mama, kaa," Kasuku alisema.

Alikuwa ameleta viti viwili vya mezani, akavipanga kando ya kitanda, ubavu kwa ubavu. Mama akakaa. Binti akakaa pembeni yake, macho yote manne ya nyumba ile yakitazama ukuta. Kasuku akavuta pumzi.

"Mama, unafikiria kujidhuru?"

Kisha akanyamaza. Hakukohoa. Hakuchezea mikono ya sweta.

Mama Kasuku alichelewa kuelewa. Aliufahamu ule utulivu wa sauti, ulikuwa wake mwenyewe, wa birika. Kisha akaona mtoto alichokuwa akikiona majuma yote hayo: mama asiyekula, mama anayelia bafuni akidhani bomba linamfunika, mama aliyerundika visu na dawa chini ya kitanda anacholalia. Ndiyo maana mtoto naye alijaa hofu, na hofu yake ilikuwa na macho kuliko ya mama.

"Mimi?" alisema. "Hapana, mwanangu. Hapana, hapana. Sifikirii. Nilivificha..."

Akakwama. Kasuku alimngoja.

"Nilivificha kwa ajili yako."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua. Niliogopa."

"Uliwauliza shule nzima," Kasuku alisema polepole. "Shule zote. Kila ukirudi nasema, leo ndiyo zamu yangu. Unaniuliza nguo za kufua."

Lilimkata neno hilo kuliko chochote kilichokuwamo sandukuni. Alitaka kujitetea, utetezi aliokuwa nao ulikuwa mwingi na wote haukufaa. "Nisamehe," alisema.

"Niulize basi."

"Shule inaendaje siku hi..."

"Mama. Siyo hivyo."

Alilowesha midomo. Maneno yaleyale aliyoyasema stoo kwa stoo, mbele ya mipira na nyavu, leo yalikuwa mazito kama gunia la saruji. Aliyainua moja moja.

"Mwanangu, umekuwa ukijidhuru?"

Akanyamaza. Bomba la jikoni lilidondosha maji. Jirani alikuwa akipigilia msumari, akaacha, akaanza tena. Kila kitu mwilini mwake kilimsukuma aseme neno, najua siyo, au ni mambo ya ujana tu, au nitakununulia. Amwokoe mtoto na swali, ajiokoe mwenyewe na jibu. Aliuma ulimi. Hakujua kwamba kimya anachowafundisha wenzake kinauma hivi.

"Ndiyo," Kasuku alisema.

Mama Kasuku hakufa. Paa halikuanguka. Alisikia mdomo wake ukisema maneno ambayo angemwambia mtoto yeyote, na safari hii yalitoka tumboni: "Asante kwa kuniambia." Hakuligusa sweta. Alifungua kiganja chake juu ya goti, akakiacha wazi, na baada ya muda mkono wenye vidole vilivyofunikwa ukaja ukalala humo. Kasuku alilia, kilio cha mtoto mdogo chenye makamasi, na katikati ya kilio maneno yakaanza kumtoka, ya muhula mzima, yakikanyagana.

Alimsikiliza mpaka yalipopungua. Kisha akauliza, "Kuna mtu ninayemwamini. Naweza kumpigia simu, wewe ukiwa hapahapa unasikia?"

Kasuku alitikisa kichwa kukubali.

Muuguzi alipokea simu akiwa anatafuna. "Nina kijana aliyejibu ndiyo," Mama Kasuku alisema. "Ana miaka kumi na sita. Yuko salama sasa, niko naye. Anahitaji kuonwa."

"Usimwache peke yake. Kesho asubuhi nitamwona mimi mwenyewe, usiku ukiwa mgumu nipigie," muuguzi alisema, na sauti ya kutafuna ikakoma. "Ni wa shule gani?"

Mama Kasuku aliutazama ule mkono kiganjani mwake.

"Ni wangu," alisema.