Samli ya Dresa Stanslaus

Bernadina alimdharau Stanslaus tangu siku alipomwona akipangusa benchi la wagonjwa kwa leso kabla hajalikalia. Stanslaus alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali ndogo ya mgodi, upande wa Geita, na kwa maringo yake ungedhani dawa zote kazivumbua yeye.

Mwaka 1953 daktari Mzungu alitaka kujua kama aina ya mafuta anayokula mtu mzima asiye na ugonjwa hubadili jinsi mwili wake unavyotumia sukari. Akachagua wachimbaji kumi na wawili wenye afya: sita waungiwe mboga kwa samli kutoka Didia, sita kwa mafuta ya pamba. Bernadina, mpishi wake, apike, Stanslaus apime mafuta na kushika ufunguo wa stoo.

Baada ya mwezi wanaume wale walinyweshwa maji ya sukari, wakawa wanatolewa damu kila nusu saa. Sukari ilishuka kwa wote sawasawa.

"Hakuna tofauti," alisema Daktari akiandika.

"Itoke wapi?" Bernadina alicheka kwa kebehi, akimnyooshea Stanslaus kidole. "Wote wamekula mafuta ya pamba. Samli kaila huyu. Mtazame mashavu yanavyong'aa!"

"Mpishi anajua nini habari za damu?" Stanslaus alifoka.

"Najua harufu ya samli. Jikoni kwangu haijaingia hata siku moja."

"Mbona hukusema?" Daktari aliuliza.

"Nilisema, Bwana Daktari. Ukaniambia nimsikilize dresa."

Stanslaus naye akanyweshwa maji ya sukari. Saa mbili baadaye sukari yake ilikuwa bado juu.

"Mtu mmoja hathibitishi kitu," Daktari alinung'unika, uso umemwiva. Hata hivyo alimpa Bernadina ufunguo, akamtuma Stanslaus kuosha chupa, kazi ikaanza upya.

Safari hii waliokula samli sukari yao ilichelewa kidogo kushuka. Kidogo tu; Daktari alisema hataamini mpaka apime watu wengi zaidi.

"Mayu, sasa tuache samli?" aliuliza Makoye, mmoja wa wachimbaji, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hata Daktari mwenyewe hajui," Bernadina alimjibu.

Daktari alimwomba apike mwezi mwingine.

"Nitapika. Lakini nikisema jambo, uliandike."

"Vyema," alisema Daktari, akashika kalamu. "Jina lako nani?"

Huo ulikuwa mwaka wa tatu Bernadina anampikia. Alimtazama kama atazamavyo ukoko, akamtajia jina herufi moja moja.