Kidirisha cha Kupitishia Chai

Wanasema hasira hasara. Basi mimi siku ile nilikuwa tayari kupata hasara, tena mbele ya watu, nikiwa nimevaa gauni langu la kutokea.

Tulikuwa tumekwenda, mimi na mume wangu, kununua tela la kulala. Si yale makubwa yenye sebule na choo. Haya ni madogo, yamechongwa kama tone la maji lililolazwa ubavu, mbele yamejaa na nyuma yamenywea. Ndani hakuna kitu ila godoro la watu wawili na dirisha dogo kila upande. Unaingia kwa mlango wa ubavuni, unalala, basi. Kusimama huwezi, na hicho ndicho kilichonivutia. Nimepika katika shule ya bweni tangu usichana wangu mpaka mvi zilipoanza kuchungulia kwenye kitambaa, wakanipa kiinua mgongo na saa ya ukutani. Maisha yangu yote nimesimama. Nilitaka mahali ambapo hata mtu akiniita, kusimama kwenyewe hakuwezekani.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa jiografia. Alifundisha watoto wa watu milima na maziwa ambayo yeye mwenyewe aliyaona kwenye ramani tu, na alipostaafu akaanza kunung'unika kwamba atakufa hajayatia machoni. Nikamwambia sawa, twende tukayaone. Gari lake ni la zamani lakini lina nguvu, na kiinua mgongo changu kitanunua tela. Sharti langu lilikuwa moja, na nililisema mezani, waziwazi, mwiko ukiwa bado mkononi: nataka kupumzika.

"Kabisa, mama watoto," akasema. "Sote tutapumzika."

Nikamwamini, mjinga mimi.

Tela la kwanza tulilikuta nyuma ya nyumba ya fundi bomba mmoja. Lilinukia ukungu, na nilipokanyaga sakafu kwa kisigino ikabonyea. La pili lilikuwa zuri ila fupi. Mume wangu ni mrefu, na alipolala miguu yake ilitokeza mlangoni mpaka magotini. Mwenye tela akasema eti mzee atazoea. Nikamuuliza tela litazoea nini, kuvuta miguu ya mume wangu barabarani? Tukacheka njia nzima ya kurudi. Sisemi hatukuwa na furaha. Tulikuwa nayo mpaka tulipofika kwenye yadi moja ya kuuzia matela.

Muuzaji wa yadi sikumshika jina. Nilimwita Meno, moyoni mwangu, kwa sababu tangu tulipoingia getini hadi tulipotoka meno yake hayakupumzika. Alimwamkia mume wangu kwa heshima zote, kisha akanigeukia mimi: "Na mama karibu, kaa pale kivulini."

Sikukaa. Kuchagua ni kazi yangu. Miaka yote ile mimi ndiye niliyepokea magunia ya maharage, na ukiamini neno la muuzaji utawapikia wanafunzi wadudu. Nikainama nikatazama chini ya tela la buluu alilotuonyesha. Nikabonyeza mipira ya milango, nikagonga plaiwudi kwa vifundo vya vidole. Nikamuuliza Meno tairi zina umri gani. Akamjibu mume wangu. Nikamuuliza uzito, gari letu litaweza kupandisha mlima? Akamjibu mume wangu tena, kana kwamba sauti yangu imetokea mfukoni mwa mume wangu. Mume wangu anatikisa kichwa tu, "Naam, naam." Tairi hajui hata kuipulizia upepo.

Nikaendelea kugonga plaiwudi. Tela lenyewe lilikuwa zuri, na hasira haichagui tela.

Ndipo Meno akazunguka nyuma, akashika mfuniko mkubwa, akauinua juu.

"Na wewe mama," akasema, "hatukukusahau!"

Jiko. Jiko zima limekunjwa kwenye mkia wa tela. Palikuwa na sehemu mbili za kuweka sufuria juu ya gesi, sinki, dumu la maji, droo za vijiko, ubao wa kukatia, ndoano za vikombe. Vyote vinang'aa. Meno akavifungua kimoja kimoja huku akinitazama, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Sasa alijua mimi ni nani.

"Mama atasimama hapa," akaeleza, "na mzee atakuwa amejipumzisha ndani. Hebu mama simama, tuone kama kimo kinakufaa. Mzee, vua viatu, ingia ulale, usikie godoro."

Mzee hakuambiwa mara mbili. Alivua viatu, akaingia, nikasikia anajinyoosha kwa raha mpaka mifupa ikalia. Na mimi, kwa mazoea, nikaenda nikasimama pale niliposimamishwa. Kimo kilinifaa. Ndicho kilichoniudhi zaidi, kilinifaa kabisa.

Mvua ilianza ghafla, ile ya matone makubwa. Meno akakimbilia kwenye baraza ya ofisi yake. Mume wangu, kwa sauti ya upole, akasema, "Ngoja nivute mlango, godoro lisije likalowa." Akauvuta. Nikabaki nje. Ule mfuniko ulinifunika kichwa, mgongo haukufunikwa na chochote, na maji yakaanza kunitiririka shingoni hadi kiunoni, ndani ya gauni langu la kutokea.

Kisha, juu ya sinki, kitu kikateleza. Kumbe ukutani kulikuwa na kidirisha kati ya jiko na kitanda. Kikafunguka, na mkono wa mume wangu ukatokeza, kiganja juu.

"Mpishi!" akaniita, anacheka. "Chai iko wapi?"

Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania. Lakini mimi nimeishi nyuma ya kidirisha kama kile. Pale shuleni kilikuwa ukutani, usawa wa kifua, na kupitia hapo ilikuja mikono. Mikono tu, na sahani. Mmoja mwenye kovu, mmoja mwenye wino, mwingine unagonga mbao kwa kijiko kunihimiza. Nyuso sikuziona isipokuwa mtu akiinama, na aliyeinama alikuja kulalamika maharage yameungua. Watoto wale leo ni madaktari na wakubwa wa ofisi, tukikutana barabarani wananipita. Na sasa mkono huu hapa, wenye pete niliyouvisha mwenyewe.

Nikakifunga kidirisha. Vidole alikuwa ameshavirudisha ndani, karibu vyote.

"Wewe!" Akafungua mlango, akatoka na soksi tupu kwenye matope, kidole mdomoni. "Una nini?"

"Nina nini? Niko kwenye mvua, wewe uko kitandani, unaniuliza nina nini?"

"Mama watoto, watu wanatutazama."

"Watazame! Nilikwambia nataka kupumzika. Umeniletea jiko. Nimetoka kwenye jiko la shule, niko kwenye jiko la nyumbani, sasa umetafuta la kunifuata mpaka mlimani!"

Meno alikuwa amerudi, mwavuli mkononi, akausimamisha juu ya kichwa cha mume wangu. "Mama, kama ni rangi, tunalo jeupe pia."

"Wewe nyamaza," nikamwambia, naye akanyamaza, meno yakiwa bado nje.

Mume wangu akashusha sauti. Alikuwa ameumia, nilimwona. "Mimi hili nimelichagua kwa ajili yako," akasema. "Lile jeupe pale getini nimelichungulia, lina ukuta mzima huku nyuma. Ungekuwa peke yako. Hili lina kidirisha, nikasema angalau tutakuwa tunaongea ukiwa unapika."

Alisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyonichoma. Angekuwa ametaka tu kuhudumiwa ningemsamehe, nimezoea.

"Jiko la nyumbani lina mlango," nikamwambia. "Mlango mzima, mtu anapita bila kuinama. Umewahi kuupita ukaja tukaongea?"

Akautazama mwavuli.

Pembeni kabisa ya yadi, karibu na ukuta, nilikuwa nimeliona tela jingine la kijivu ambalo Meno hakutuonyesha. Nikalionyesha. "Na lile?"

"Lile bado, mama. Mafundi hawajalimaliza. Lina milango, lina kitanda, lakini nyuma hakuna kitu, ni nafasi ya mabegi tu. Jiko lake linakuja mwezi ujao."

"Lisije. Nalitaka hivyo hivyo."

"Mama, mteja gani anataka tela lisilo na jiko?"

"Huyu hapa unayemwona."

Mume wangu akakunja uso. "Sasa huko tutakula nini?"

Tutakula nini! Swali hilo nimeulizwa na watoto, nimeulizwa na mawifi, nimeulizwa na yeye akiwa nyuma ya gazeti, na siku zote maana yake ni utapika nini. Nikamwambia sijui. Neno dogo tu, lakini sikuwahi kumjibu hivyo tangu anioe, na alishtuka kuliko nilipofunga kidirisha.

"Basi gari langu halitavuta sanduku tupu," akasema, akaenda zake kukaa ndani ya gari.

Nikaenda kwenye lile la kijivu. Nikapima sakafu kwa kisigino, nikabonyeza mpira wa mlango. Nikavua viatu, nikaingia, nikafunga. Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni yake, likapiga kelele nilipolala. Lilinitosha kwa urefu, lingemtosha na yeye. Mvua ilipiga bati juu yangu na hakuna hata tone lililoingia. Nilinyooka. Mgongo uliniuma kwanza, ukatulia. Nilikuwa bado nimefura, ila nimefura nikiwa nimelala, na hilo nalo lilikuwa geni kwangu.

Baadaye mlango wa upande wa pili ukafunguka. Mume wangu alikuwa ameloa chapachapa.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Akalala. Tulitazama dari, bega kwa bega, kama wagonjwa wawili wa wodi moja wasiojuana. Nilikuwa najiambia sitasema neno, nisije nikalegea, nimemjua mtu huyu, ukimchekea kidogo tu mambo yanarudi palepale.

Tumbo lake likanguruma.

Sikumbuki nilichofikiri. Sidhani kama nilifikiri. Nilipojitambua nilikuwa nimeshafungua mlango, nimeshatoka, nimesimama kwenye matope bila viatu, mkono wa kulia mbele, natafuta kitu cha kushika. Sufuria hakuna. Jiko hakuna, ndiyo sababu nililitaka tela lile. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa yadi na mvua.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza kutoka ndani.

"Sijui," nikasema, na safari hii nilikuwa sijui kweli.

Nikalia. Si kwa huzuni, kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Meno na mwavuli wake, lakini hasira kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya miguu yangu mwenyewe, iliyonyanyuka kwenda kupika kabla sijaiambia.

Mume wangu alijikokota mpaka mlangoni kwangu, akanitazama pale nilipo, kisha akautazama mkono wangu, ambao ulikuwa bado umenyooka. Akautazama kwa muda mrefu. Hakutania.

"Rudi ndani," akasema. Akashuka, akavifuata viatu vyake kwenye lile la buluu, akarudi amevivaa bila kufunga kamba. "Pale getini nimeona mtu anauza chai. Nikuletee nini?"

"Chai," nikasema. "Isiyo na sukari."

Akaenda, koti kichwani. Nikapanda kitandani, nikajifuta miguu kwa upindo wa gauni. Nilimsikia anasimama barazani kumwambia Meno, "Tunachukua lile la kijivu. Hivyo lilivyo. Msiliguse." Meno akasema jambo kuhusu jiko, mume wangu akamkatisha: "Kwani umeulizwa?"

Hapo ningetulia. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikereketa, na nilipokipata nikakaa kitako ghafla, kichwa kikagonga dari. Chai isiyo na sukari ni ya kwake. Tangu daktari amkataze, napika birika moja, naye anakunywa, nami nakunywa, na mimi chai ya namna hiyo naiona dawa. Nimeulizwa ninachotaka, nikaagiza cha kwake.

Nikatoa kichwa nje, kwenye mvua. Alikuwa amekaribia geti.

"Ya kwangu itiwe sukari!" Nilipaza sauti ile niliyokuwa nikiwaitia wapakuzi wa shule nzima, na watu wa yadi wote wakageuka. "Vijiko vinne!"

Akasimama palepale, maji yakimchuruzika puani. Akageuka taratibu.

"Kwani wewe unatumia sukari?"

"Tangu nizaliwe!" nikamjibu, nikafunga mlango.