Pua Tupu

Mwaka 1981 Ansoifa alitoka kisiwa cha Nosy Be kwenda mji wa Mahajanga kusomea ukunga, kipini cha dhahabu kikimeta puani. Bibi yake ndiye aliyemtoboa, angali msichana mdogo. Mjini hakuwa na ndugu hata wa kusingizia. Jamaa zake Wangazija walikwisha kuhama baada ya Wangazija wengi kuuawa mjini humo miaka michache nyuma. Akapanga chumba mtaa wa Mahabibo kwa Bi Hachimia, mjane asiye na maneno mengi.

Siku ya kwanza wodini, mwalimu alisimama mbele yake. "Hicho kitoke," akasema kwa Kifaransa.

"Madamu, nikikifunika kwa plasta?"

"Plasta hushika uchafu. Na mtoto mchanga akikivuta je? Pete, hereni, kipini, vyote vitoke. Amri hii haikuwekwa kwa ajili yako peke yako."

Ansoifa aliona mwalimu amesema kweli. Akaenda msalani, akakizungusha mpaka kikatoka pamoja na tone la damu. Alidhani akirudi wenzake watamkodolea macho. Hakuna aliyeinua uso. Hapo ndipo machozi yalipomlengalenga: si kwa ajili ya kipini, bali kwa kuwa wodi nzima haikuwa na mtu aliyeujua uso wake hata akaona kilichopungua.

Jioni alimkuta Bi Hachimia uani akipepeta mchele. Mama yule akamtazama, akauweka ungo chini.

"Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?" Alisema kwa Kingazija, lugha ambayo Ansoifa hakuwa ameisikia tangu atoke kwao.

"Sijafiwa, mama. Ni amri ya shule."

"Ah." Bi Hachimia akagusa pua yake, penye kovu dogo. "Changu nilikitoa alipouawa baba watoto. Wanangu wakapanda meli kwenda kwetu Moroni. Eda ilipokwisha, hapakuwa na mtu wa kunirudishia, na mjane hajirudishii mwenyewe."

Ansoifa alitaka kumwambia, kilete, nikurudishie mimi. Lakini Bi Hachimia akauchukua ungo, akaendelea kupepeta.

Alipofuzu, tundu la kipini lilikwisha kuziba, na Bi Hachimia alikwisha kuwafuata wanawe ng'ambo. Ansoifa akapelekwa kwenye zahanati ndogo ya kijiji cha Antsanitia. Huko, asubuhi moja, wanawake watano walimletea kitoto cha kike.

"Tutobolee masikio, Madamu. Sindano yako ni safi."

Akaichemsha sindano, akatoboa, akafuta damu kwa pamba. Mtoto akaangua kilio. Wanawake wakacheka, wakampigia vigelegele, wakampokezana mapajani, huku kila mmoja akidai amefanana naye. Kisha wakashukuru, wakaondoka kwa kelele zao njia nzima.

Ansoifa akasimama mlangoni mpaka sauti zao zikapotea. Halafu akarudi ndani, akaketi, akala wali wake wa jana.