Maji ya Kwenye Faili

Alhamisi saa tatu asubuhi Maximiliana alishuka kwenye bodaboda mbele ya Masijala ya Visima mjini Bariadi, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akaingia. Ilikuwa safari yake ya nne. Ya kwanza aliambiwa alete barua ya kijiji. Ya pili barua haikuwa na mhuri. Ya tatu mhuri ulikuwepo, ila Marcelo, mtunza kumbukumbu, alikuwa kwenye semina Nyashimo.

Leo Marcelo alikuwepo. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, na viatu vyake vilianikwa dirishani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Nimekuja kusoma faili la kisima cha Mwashigela."

Marcelo aliisoma barua yote, hata mhuri akausoma. "Unataka kujua nini hasa?"

"Kilichimbwa wapi."

Mwezi wa tisa mwaka jana binti yake Jenipha alikuwa akichota maji mtoni, kwenye shimo ambalo kijiji huchimba kila kiangazi mto ukikauka, mchanga ukaporomoka ukamfunika. Walimfukua kwa mikono. Msibani, mwenyekiti wa kijiji, mzee Maige, akaropoka kwamba kwenye orodha ya serikali Mwashigela ina kisima kirefu, huu mwaka wa sita. Maximiliana ameishi Mwashigela tangu aolewe na hajawahi kukiona. Tangu siku ile hakulia wala hakukasirika. Alilima, akapika, akawaogesha watoto wawili wa Jenipha, na akawa anakwenda Bariadi.

"Fungua polepole," Marcelo alisema. "Haya mafaili yanalowesha."

Akasukuma beseni chini ya meza, kisha akaleta faili la kijani lililovimba. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa taipu: kina mita sabini na mbili, pampu ya mkono, watumiaji mia mbili na hamsini, kinafanya kazi. Alipofunua wa pili, wenye saini za waliokikagua na kukipokea, maji yakaanza kutoka. Yalitoka taratibu, halafu yakawa mkondo mnene kama kidole gumba, yakapita ukingoni mwa meza na kuangukia kwenye beseni. Marcelo akainua miguu.

"Ndiyo maana hatumpi kila mtu. Wiki iliyopita kuna moja liliachwa wazi saa ya chakula, likalowesha barua zote za likizo."

Maximiliana alikinga kiganja, akaonja. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

"Matamu," alisema.

"Ya mita sabini na mbili hayo."

Akarudi kwenye maandishi, akifuata mstari kwa kidole. Kisima kilikuwa mashariki ya shule, hatua arobaini.

"Hapo ni shamba la pamba la Mayunga. Nimelipalilia mwenyewe."

"Kwenye faili kipo hapo."

"Na kijijini?"

"Mimi ni wa masijala, mayu. Kijijini siendi."

Maximiliana aliyatazama maji mpaka beseni likajaa. Kisha akauliza kama kuna dumu tupu.

Alhamisi iliyofuata walikuja wanawake saba wa Mwashigela, na iliyofuata ishirini. Ofisi ikabandika utaratibu mlangoni: Alhamisi tu, barua yenye mhuri, dumu moja kwa kila mtu, mwisho saa sita. Siku nyingine sita za wiki waliendelea kuchimba mtoni. Mwezi wa saba shimo likamfunika mke wa Josia, wakamwahi akiwa hai, lakini miguu haikurudi kuwa ya kutembelea.

Mwezi wa nane akaja mkaguzi wa visima anayeitwa Veronica, akasimama kwenye foleni na fomu zake.

"Mama, unatumia maji ya kisima cha Mwashigela?"

"Natumia."

"Mara ngapi?"

"Kila Alhamisi."

"Yanatoka?"

Maximiliana alikuwa ameshamuuliza Marcelo kuhusu fomu hizo, naye hakumficha. Kijiji chenye kisima kinachotoa maji hakiingizwi kwenye orodha ya kuchimbiwa. Na kisima ambacho hakitoi maji, faili lake hufungwa na kupelekwa stoo.

Alitazama dumu lake, limejaa mpaka shingoni. Aliwafikiria wale watoto wawili. Mkubwa alikuwa ameanza kuulizia jembe la kuchimbia mtoni.

"Yanatoka," alisema.

Veronica akaweka alama ya vema, akamgeuzia fomu penye nafasi ya mtumiaji. Maximiliana alijifuta mkono kwenye kanga asiloweshe karatasi, akaandika jina lake lote, herufi moja moja. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasogeza dumu mbele, akaomba kalamu.