Unyevu wa Kesho

Jioni ya Ijumaa, jua likiwa limeinama juu ya ukingo wa Manga, Kwamboka aligundua kwamba kisanduku cha umeme alichokiunda kilikuwa kinadanganya.

Kilifungwa kando ya vitanda vya kunyaushia majani, katika kiwanda cha chai huko Nyamira, mwaka 1977. Kazi yake ilikuwa kupokea unyevu wa majani kutoka kwenye kipimo, kisha kuwasha taa nyekundu, yaani bado, au ya kijani, yaani toa. Kesho ilikuwa Sabato, ambayo huanza jua likizama Ijumaa. Kwamboka angekuwa kanisani, na wakuu wa kiwanda wangekuja kukitazama kisanduku kikifanya kazi bila yeye. Kikiharibu chai kingeng'olewa, naye angerudishwa kupiga taipu.

Mzee Ondieki, msimamizi wa vitanda, aliweka kwenye kipimo konzi ya majani yaliyonyeshewa. Taa ikawaka kijani.

"Maji yanachuruzika, mashine yenyewe inasema toa," alisema. "Moiseke, msichana wewe, hata ng'ombe wangu angejua haya ni mabichi."

"Nipe muda, tata," alijibu, kama anavyomwita baba yake.

"Muda gani? Jua likizama wewe unakunja mikono. Aibu mtatuachia sisi Wakatoliki."

Kwamboka alikimbilia chumba cha pili, kwenye kompyuta iliyogeuza fomula zake kuwa maagizo na kuyatoboa kwenye utepe wa karatasi ambao kisanduku kiliusoma. Fomula ilikuwa sahihi, unyevu umeandikwa kwa jina tu, bila namba. Akasoma maagizo yaliyotoka. Unyevu haukuwamo popote.

Ondieki aliegemea mlango. "Nyinyi Wasabato mnapika Ijumaa ili Jumamosi mle tu. Na mashine umeipikia?"

Hapo Kwamboka akakumbuka. Asubuhi, akiijaribu fomula, alikuwa ameipa kompyuta unyevu wa majani makavu, yaliyokuwa tayari, na hakuufuta. Kompyuta ilipolikuta jina lile wakati wa kutengeneza maagizo, haikungoja. Ililikokotoa papo hapo, ikapata jibu toa, ikatupa mengine yote. Kisanduku hakikuwa kinapima chochote. Kilikuwa kinarudia jibu la asubuhi.

"Nimepika hata mboga iliyo bado shambani," alisema.

Angeweza kuzuia hesabu yote hadi kesho. Lakini ndani ya fomula mlikuwa na jedwali refu la joto na muda, na kisanduku kile kidogo kikilazimika kulikokotoa kila mara, kingejibu majani yakiwa yameshachacha. Ilibidi atenganishe: jedwali likokotolewe sasa, unyevu usiguswe. Akaweka alama ya kuzuia mbele ya fomula nzima, akalifungulia jedwali peke yake. Akakosea mabano, akaanza upya.

Utepe ulipotoka, mwanga ulikuwa umebaki kwenye ncha za migomba tu.

Akaukimbiza kisandukuni. Majani mabichi: nyekundu. Makavu: kijani.

"Sasa yale ya katikati," alisema Ondieki. "Hapo ndipo watu hukosea."

Kwamboka alitazama dirishani. Jua lilikuwa limezama. Akaondoa mikono.

"Hayo yajaribu wewe, tata. Ikikosea, waambie kesho kosa ni langu."

Alikuwa ameshafika langoni alipomsikia akiita.

"Imewaka nyekundu."

"Na mkono wako unasemaje?"

Ondieki aliyafinya majani, akayanusa, akayafinya tena.

"Mkono wangu unasema uende kanisani."